Usibonyeze Futa! Hilo faili la Inbox ndilo barua zako zote

Mkuu, toa mkono kwenye hicho kitufe kwanza. Umeandika kwamba antivirusi imekuta "Heuristics.Phishing.Email.SpoofedDomain" ndani ya faili linaloitwa Inbox kwenye Thunderbird, ile programu ya barua pepe, unauliza ubonyeze Futa au Karantini (kulitenga faili pembeni lisitumike), halafu ununue antivirusi gani ili barua za kitapeli zisiingie tena. Na mchangiaji wa kwanza kakujibu "futa tu, hivyo ni virusi". Usimsikilize. Hajui anakwambia ufute nini.

Hilo faili si barua moja. Thunderbird kwa kawaida huhifadhi kila folda kama faili moja refu la maandishi, mtindo wa mbox uliotoka kwenye Unix, barua zimefuatana humo tangu ya zamani kabisa hadi ya asubuhi ya leo. Antivirusi nyingi haziitoi barua moja humo, zinashika faili. Ikikuta mistari michache ya utapeli katikati, inalihukumu faili zima. Ni kuchoma daftari lote la madeni ya duka kwa sababu ukurasa mmoja umemwagikiwa chai.

Nasema kwa uchungu kwa sababu limetufika. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha hapa Dar, kila kitu kinapita kwenye barua pepe: bili za mizigo, ankara, mawasiliano na wenye meli. Likatokea onyo jekundu kama lako, akaitwa fundi aliyekuwa akituhudumia. Akatazama skrini, akasema hizo takataka, tunasafisha. Akalipeleka faili karantini, kisha akaimwaga na karantini yenyewe, eti kompyuta ipumue. Pale pale ndipo tulipokwisha. Faili likiwa karantini bado unaweza kulirudisha, antivirusi karibu zote zina kitufe cha kurejesha. Karantini ikishamwagwa, umebaki na dua.

Halafu akafungua Thunderbird kutuonyesha kwamba inafanya kazi. Ikafunguka bila shida, kwa kuwa isipokuta Inbox inatengeneza nyingine, tupu. Akaunti yetu ilikuwa ya POP3, yaani njia ya kushusha barua kutoka seva (kompyuta ya mtoa huduma) hadi kompyuta yako, na ilipangwa barua zikishashuka zifutwe kwenye seva, kwa hiyo nakala nyingine haikuwepo popote. Na kompyuta ikaendelea kutumika! Barua mpya zinashuka, Windows inajisasisha, na kila kinachoandikwa kwenye diski kinaweza kukaa juu ya mahali lilipokuwa faili la zamani. Alipopatikana mtu mwenye programu ya kurejesha mafaili, alitoa vipande vya sentensi tu, hakuna barua hata moja iliyokamilika.

Gharama yake? Wenye meli walitudai faini ya kuchelewesha makontena. Tulikuwa tumeomba muda kwa maandishi na tukajibiwa kwa maandishi, ila maandishi yenyewe yalikuwa ndani ya lile faili. Tukalipa, kwa dola. Tukaanza kuwaomba wateja watutumie upya barua walizowahi kututumia, na kuna mmoja alituuliza kwa upole kama ofisi bado ipo. Fundi alichukua hela yake ya usafishaji siku ileile, na nilipompigia akasema aliyefuta ni antivirusi, si yeye. Mtu anayefuta kitu cha mwenzake bila kuuliza kina nini ndani hafai kushika kompyuta ya ofisi, hata awe na begi la vifaa kubwa namna gani.

Kwa hiyo shika hili moja: barua mbaya inafutiwa ndani ya Thunderbird, antivirusi haigusi faili. Funga Thunderbird, nakili folda nzima ya profaili, ndimo Thunderbird inamoweka barua na mipangilio yako, kwenye diski ya nje. Ukiwa kwenye Windows imo ndani ya AppData, Roaming, Thunderbird, Profiles. Ukishapata nakala, fungua Thunderbird, itafute hiyo barua: kwa kawaida ni ile inayojifanya benki, kampuni ya vifurushi au mtoa huduma wako. Ifute, mwaga na Trash (folda ya barua zilizofutwa), kisha bonyeza folda kwa kitufe cha kulia uchague Compact. Hapa wengi wanakwama, wanafuta barua na onyo linarudi vilevile, wanadhani kirusi kimejificha. Barua uliyofuta inawekewa alama tu na kuondolewa machoni. Maandishi yake yanabaki ndani ya faili mpaka ufanye Compact. Trash nayo ni faili lake, Junk (folda ya barua taka) vilevile, zifanyie zote.

Na usikimbizwe na hofu. Barua ya kitapeli iliyolala kwenye folda ni maandishi. Hatari ni wewe kufuata kiungo na kuandika nenosiri lako huko. Tena jina hilo la onyo lako ni la ClamAV, antivirusi ya bure, linatokea pale kiungo kinachoonekana kwa macho kinataja tovuti moja na chenyewe kinakwenda nyingine. Kampuni halali zinazotuma matangazo kupitia watu wa kati hufanya hivyohivyo, kwa hiyo barua inayoshtakiwa inaweza kuwa ya benki yako kweli. Isome uone, usibofye kitu humo.

Kisha iambie antivirusi iruke folda ya profaili, na kwenye mipangilio ya Thunderbird, upande wa faragha na usalama, weka tiki pale panaporuhusu antivirusi kuzuia barua moja moja zinapoingia. Hapo barua inayoshuka kwa POP inakaguliwa kabla ya kuunganishwa na nyingine, na ikikamatwa inakamatwa peke yake.

Sasa fungua mipangilio ya akaunti utazame: ni POP au IMAP? Kama ni IMAP, barua ziko kwenye seva, faili la kompyutani ni nakala, umepona kiasi. Kama ni POP, usifanye lolote kabla ya kunakili ile folda. Rudi hapa uandike ni ipi, na kama tayari ulishabonyeza Karantini sema pia, tukuelekeze kulirudisha kabla hujazima hiyo mashine.