Mashemeji wamelipia ziplaini Kereita, nami naogopa hata daraja la Roysambu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 33, fundi wa stima, naishi Roysambu na mke wangu na mtoto wetu mmoja. Kaka zake mke wangu wameandaa likizo ya Desemba ya familia nzima: siku mbili msitu wa Kereita, kule Kimende, na jambo kubwa la safari ni kuteleza kwa ziplaini, zile waya za juu ambazo mtu huning'inia kwa mikanda akateleza hadi ng'ambo. Pesa zishatumwa. Shida ni kwamba tangu utotoni naogopa mahali pa juu. Daraja la miguu la hapa Thika Road nalivuka nikiwa nimeshika chuma, macho kwenye mgongo wa aliye mbele yangu. Usiku nangoja magari yapungue nivukie chini. Kazi za ghorofani huwa namwachia mwenzangu, hata juzi kuna moja ya Ruiru ameichukua. Mke wangu hajui. Tulipokuwa tukichumbiana nilimwambia nimewahi kuteleza kwa hizo waya Mombasa, naye akawahadithia ndugu zake. Sasa shemeji mkubwa ananiita "komando" na anasema mimi ndiye nitakayetangulia. Nimefikiria kujifanya mgonjwa asubuhi ya safari. Je, hofu hii yaweza kuisha kwa wiki tano? Nisaidie kabla sijaaibika.*

*Komando wa Uongo, Roysambu*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ziplaini ikapungua ukubwa. Umenieleza kirefu habari za Desemba na shemeji, lakini mambo mawili umeyapitisha haraka kana kwamba ni ya kawaida: kwamba usiku unavuka Thika Road kwa chini, na kwamba kazi za ghorofani unazigawa. Kereita tutafika, usijali. Ila hilo la barabara halingoji likizo. Daraja linakutetemesha, barabara inaua. Matatu za usiku za njia hiyo unazijua kunishinda mimi. Kuanzia leo, magoti yakigoma, mpigie simu mtu mje mvuke pamoja, au lipa nauli uende hadi pa kugeukia, urudi ushukie upande wa kwenu. Hizo shilingi si hasara.

Sasa mkeo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia Kimende. Mwambie wiki hii, mkiwa wawili, mtoto amelala. Usizunguke. "Ile hadithi ya Mombasa niliitunga. Naogopa kuwa juu tangu nikiwa mdogo, na nilitaka unione mwanamume." Kisha nyamaza, mwache aseme yake. Huenda akacheka. Huenda akanuna siku mbili, maana alikwenda kujisifia kwa kaka zake jambo ambalo halikuwepo, na hapo ulimweka pabaya. Msamaha unaomwomba ni wa hilo tu. Kuogopa hakuombewi msamaha.

Nina shaka pia kwamba anajua zaidi ya unavyodhani. Mke aliyevuka daraja hilo pamoja na mume aliyeng'ang'ania chuma, macho yamemganda mgongoni mwa mtu asiyemjua, hana macho yeye?

Ugonjwa wa asubuhi ya safari uufute kabisa. Ukijifanya tumbo linakukata, mkeo atabaki nyumbani kukuuguza, pesa za watu zitapotea, na shemeji kwa wema wake wote atasema basi mtarudi Pasaka, komando akiwa mzima. Utakuwa umejinunulia miezi mingine ya kukosa usingizi.

Huyo shemeji mkubwa mpigie mwenyewe, asiletewe habari na dada yake. "Komando amestaafu, bwana. Mahali pa juu pananisumbua. Nitakuja, ila kama nitapanda au sitapanda nitajiamulia hukohuko." Atakucheka, ndiyo, mashemeji ndivyo walivyo. Mwache acheke. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na kicheko cha familia mbele ya nyama choma sijaona kikimvunja mtu mbavu. Kinachovunja ni kuchekwa ukiwa umeshafungwa mikanda, uko jukwaani, foleni iko nyuma yako na simu zote zinarekodi. Uongo wako ulikuwa unakupeleka huko.

Umeuliza kama hofu itaisha kwa wiki tano. Kuisha, sidhani. Kupungua hadi ukaweza kufanya jambo ukiwa bado unaogopa, hilo linawezekana, na ili uniamini acha nikueleze inavyofanya kazi.

Mtu akisimama wima huwa hajatulia kabisa. Anayumba kidogo bila kujua, na mwili hujirekebisha kwa msaada wa nyayo, sikio la ndani na macho. Macho hufanya kazi hiyo kwa kutazama vitu vya karibu: ukuta, mti, mtu aliyesimama. Ukiwa juu, kitu cha karibu zaidi mbele yako kiko mbali sana, macho yanakosa pa kushikilia, na mwili unayumba zaidi. Kila binadamu hupatwa na hilo. Kwa wengine, wewe ukiwa mmoja wao, ubongo hulichukua kuwa tayari wanaanguka: moyo unadunda, viganja vinatoka jasho, magoti yanalegea. Ndiyo maana ukitazama mgongo wa mtu pale darajani unapata nafuu. Hukufundishwa na yeyote, lakini nusu ya dawa uliigundua mwenyewe.

Nusu ya pili ndiyo chungu. Kila unapokimbia, ile nafuu unayoipata inaithibitishia hofu kwamba ilikuwa na haki. Ukibaki palepale bila kukimbia, hofu hupanda, hufika kileleni, halafu huanza kushuka yenyewe. Inapopanda unahisi haitakoma, lakini hukoma. Wanaotibu hofu za namna hii hutumia hilo hilo: kumzoesha mtu kidogo kidogo, kutoka pepesi kwenda zito. Si mbinu ya jana. Goethe, yule mwandishi Mjerumani, alipokuwa mwanafunzi Strasbourg kwenye miaka ya 1770 alijitibu kwa kupanda mnara wa kanisa kuu la mji huo tena na tena, akisimama juu kabisa hadi mwili ukakubali. Alipanda peke yake, mkaidi yule. Wewe nenda na mkeo.

Anzeni na daraja lenu wenyewe, mchana, Jumapili asubuhi watu wakiwa wachache. Panda hadi katikati, simama, shika chuma. Kitazame hicho chuma kwanza: rangi ilipobanduka, bolti, kutu. Kikague kama fundi aliyeitwa kukirekebisha. Kisha inua macho utazame majengo ya mbali, shusha macho kwenye magari, rudi kwenye chuma. Pumzi itoke polepole kuliko ilivyoingia. Usiondoke hofu ikiwa imepanda. Ngoja ishuke, hata kama mkeo amechoka kusimama, ndipo mwondoke. Mrudi tena siku inayofuata, na inayofuata. Siku utakayoweza kuachia chuma, nendeni KICC, lile jumba refu la mikutano mjini Nairobi. Jumba lile lililokamilika 1973 lina ghorofa 28, na watu hulipa wakapanda juu kutazama jiji. Hapo utajipima vizuri zaidi kuliko kwa maneno yangu.

Haya, Kereita. Msitu huo uko upande wa kusini wa milima ya Aberdare, na waya zake zikijumlishwa zinapita kilomita 2, nyingine zikikatiza juu ya bonde. Sikufichi, si mahali pa kujaribia hofu kwa mara ya kwanza. Lakini kuna jambo ambalo wengi wenye hofu yako hushangaa kuligundua: jukwaa ndilo linalotisha kuliko safari yenyewe. Jukwaani umesimama, unayumba, macho hayana pa kushika. Ukishaachia, umekaa kwenye mikanda, uzito wako umebebwa, na macho yana kitu kimoja cha kutazama, yaani jukwaa la mbele linalokuja. Kwa hiyo kabla ya kuachia, kunja magoti ukalie mikanda hadi uhisi imekubeba sawasawa. Tazama kapi, lile gurudumu linalokimbia kwenye waya juu ya kichwa chako, tazama uso wa mwelekezi, usitazame bondeni. Mwambie mapema kwamba unaogopa. Kazi yake kila siku ni watu kama wewe, na mwelekezi mzuri hakusukumi. Akikusukuma au akikuhesabia moja mbili tatu kwa kelele wakati umesema bado, huyo hafai, shuka.

Tena wewe ni fundi, hutadanganywa na tabasamu la mapokezi. Uliza waya hukaguliwa na nani na lini mara ya mwisho. Tazama kama umeunganishwa mahali pawili, ili kimoja kikishindwa kingine kibaki. Uliza breki ni ya nani: sehemu nyingine mwelekezi ndiye anayekusimamisha, sehemu nyingine ni wewe kwa mkono wenye glavu, na huo mkono hukaa nyuma ya kapi, kamwe si mbele yake. Uliza inakuwaje mtu akiishiwa na kasi akasimama katikati, maana hilo huwapata watu wepesi. Jibu la kawaida ni kwamba unageuka na kujivuta kwa mikono au mwelekezi anakufuata. Ukijua hayo kabla, hata likitokea hutadhani umeachwa angani. Uliza kikomo cha uzito. Na swali ambalo watu husahau: waya ya kwanza ikishapita, kuna mahali pa kushukia, au ni lazima umalize zote? Lijue hilo ukiwa bado chini, kwa sababu uamuzi wako unategemea jibu lake.

Zamu yako iwe ya pili au ya tatu. Wa kwanza hana wa kumtazama, na wa mwisho anakaa na hofu yake muda mrefu mno. Usinywe kikombe cha kujipa moyo. Pombe na waya haviendi pamoja na mwelekezi mwenye akili atakurudisha. Ikiwa una ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, kifafa, mgongo mbovu au upasuaji wa karibuni, hili si lako kabisa, hofu au hakuna hofu. Beba koti, Kimende ni baridi hata Desemba.

Ukifika jukwaani moyo ukakataa, sema "siendi" mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha geuka. Usianze kueleza. Msitu una njia za kutembea, kuna maporomoko ya maji, kuna kulenga mishale, na watoto watahitaji mtu mzima wa kubaki nao. Na kama utakwenda, nenda kwa sababu ulitaka kujua upande wa pili ukoje. Ukienda kwa ajili ya shemeji utateleza umefumba macho, na ukifika ng'ambo hutakuwa umepata kitu zaidi ya video yake.

Nimeliacha hili la mwisho kwa makusudi. Ziplaini unaweza kuikosa maisha yako yote usipungukiwe na chochote. Kazi huwezi. Kaa na kalamu uandike mwaka huu umemwachia mwenzako kazi ngapi za ghorofani, na kila moja ingekulipa shilingi ngapi. Nairobi inajengwa kwenda juu, mwanangu. Fundi wa stima wa chini peke yake atabanwa. Lakini tenganisha hofu mbili. Ukipelekwa kwenye mjengo ukapewa ngazi ya vipande vya mbao, hakuna mkanda wala kofia, ukaogopa, hiyo ni akili yako inafanya kazi. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akulinde, na mafundi wengi mno wameanguka kwa kuona haya kukataa. Ukipelekwa ghorofa ya nne yenye sakafu na kuta, dirisha limefungwa, na bado magoti yanakataa, hiyo ndiyo ya kutibiwa, na daraja la Roysambu peke yake halitatosha.

Mtafute mshauri nasaha au mwanasaikolojia aliyesomea kazi hiyo. Hospitali ya Mathari, ile ya magonjwa ya akili, iko kwenye barabara yako hiyo hiyo ya Thika, na ina kliniki ya watu wanaokuja na kurudi nyumbani. Najua watu wanavyosema mtu akitajwa Mathari. Waseme. Eleza huko kama ulivyonieleza mimi: tangu lini, mahali gani, na mara ngapi imekunyima pesa. Hofu hii ni miongoni mwa zile zinazokubali matibabu vizuri.

Na huyo mwenzako mwambie ukweli pia, kwa sababu amekuwa akidhani wewe ni mvivu au una kazi nyingine bora. Anaweza kukubali mpande pamoja kazi moja fupi, ghorofa ya kwanza, wewe ukifunga swichi za ndani yeye akiwa karibu na dirisha. Ukiniandikia tena, niambie hiyo imekwendaje. Habari za waya za Kereita mkeo atazieneza bila sisi kuuliza.