Raba, poliyurethani au alumini chini ya injini ya MX-5?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Mazda MX-5 ya mwaka 2001, gia za mkono, imeshatembea kilomita 190,000. Nikikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye gia ya kwanza, mkono wa gia unasogea wenyewe, na nikiachia ghafla nasikia "kung" chini ya miguu. Fundi wangu anasema mauntingi za injini, yaani vikalio vinavyoibeba injini, zimekufa. Nimetafuta nikakuta za raba ya kawaida, za raba ngumu, za poliyurethani (mpira wa plastiki) na hata za alumini tupu. Gari hili naenda nalo kazini kila siku, na mara tatu au nne kwa mwaka nalipeleka uwanja wa mbio. Rafiki zangu wananisukuma ninunue zile ngumu kuliko zote. Wewe ungefunga zipi?

JIBU: Ndugu yangu, ningefunga za raba ngumu, zote mbili siku moja, na pesa inayobaki ningeipeleka nyuma, kwenye raba za difu, ile boksi ya gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma.

Lakini hakikisha kwanza. Fungua boneti, mtu akae ndani akanyage breki sawasawa, atie gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu, wewe ukiwa umesimama pembeni, si mbele ya gari. Injini ikinyanyuka upande mmoja zaidi ya unene wa kidole, fundi wako yuko sahihi. Kisha weka kipande cha ubao juu ya jeki, inua injini taratibu kwa sampu (bakuli la oili chini ya injini), umulike tochi pale raba iliposhikana na chuma. Usiridhike kwa kuangalia kutoka juu. Ya mwisho niliyoitoa kwenye gari kama lako ilionekana nzima kabisa. Nilipoinua injini sentimita mbili ikapanuka kama mdomo, raba imeachana na bamba lake la chuma. Ilikuwa ya upande wa egzosi, na si ajabu: moto huikausha raba ya upande huo mapema. Oili inayovuja nayo huilainisha raba mpaka inamung'unyika, kwa hiyo kama kuna uvujaji juu yake, ziba kwanza.

Sasa ugumu. Hupimwa kwa kipimo cha Shore A: namba ikipanda, raba ni ngumu zaidi. Raba za kiwandani kwa kawaida huwa kama 50 hadi 60, raba ngumu za michezo kama 65 hadi 70, na poliyurethani huanzia karibu 70 hadi 95. Alumini haina cha kupima hapo, ni chuma kwa chuma. Mimi niliwahi kufunga poliyurethani ya 95 kwenye gari langu, la aina hii hii. Uwanjani nilifurahi sana: mkono wa gia ulitulia, mafuta yakikanyagwa gari linaitika papo hapo. Barabarani ilikuwa habari nyingine. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 800 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta hupiga mipigo kama 27 kila sekunde, na mipigo yote ile ilipanda kwenye bodi. Kwenye taa nyekundu kioo cha ndani kilitetemeka hata nisiweze kusoma namba ya gari la nyuma. Baada ya miezi miwili bolti za bati la kukinga moto wa egzosi zililegea. Nikazitoa, nikarudi kwenye raba ngumu, na sijazihamisha tena.

Usidhani huo ni udhaifu wa magari madogo. Porsche, walipoileta 911 GT3 mwaka 2009, waliwapa wanunuzi nafasi ya kuchagua mauntingi zenye kimiminika kinachobadilisha ugumu wake kwa nguvu ya sumaku: laini safari za kawaida, ngumu uwanjani. Kama raba moja ingeweza kazi zote mbili, wasingehangaika hivyo. Wewe uko kazini siku mia mbili na zaidi, uwanjani siku nne. Chagua kwa hesabu hiyo. Mazda wenyewe wamewahi kuuza mauntingi za raba ngumu kwa ajili ya MX-5 za mashindano, nazo hukaa kwenye nafasi ileile bila kukata wala kuchomelea kitu.

Kuna jambo la gari lako ambalo rafiki zako huenda hawalijui. MX-5 haina mauntingi chini ya giaboksi. Kuna boriti ndefu ya alumini inayoifunga giaboksi moja kwa moja na difu, kwa hiyo injini, giaboksi na difu hujipinda kama kitu kimoja kilichobebwa na raba nne: mbili mbele, mbili nyuma. Ukikaza za mbele tu, zile za nyuma zilizochoka zitaendelea kupiga "kung" yako, na utalaumu mauntingi mpya bure.

Unaponunua, angalia tarehe ya kutengenezwa. Raba huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi. Ukiikunja kwa kidole gumba ukaona mistari midogo juu yake, iache. Poliyurethani ukiipenda bado, chukua ile ambayo vyuma vyake viwili vimepishana ndani, ili hata mpira ukikatika injini isinyanyuke ikatoka mahali pake.

Kufunga: usikaze bolti za mwisho wakati injini bado iko juu ya jeki. Ishushe, ikalie uzito wake, iwashe dakika mbili tatu ijitulize, izime, ndipo ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa vipimo vya kitabu cha gari. Angalia waya wa athi wa injini usiwe umevutika, na egzosi isiguse bodi. Baada ya kilomita 500 hivi, rudi chini ya gari na spana ileile.