Kuunganisha, kujumuisha au kutangamanisha?

SWALI: Ninatafsiri menyu za programu ya muziki ya Linux. Kuna kisanduku ambacho mtumiaji akikitia alama, programu huanza kuitikia vitufe vya kibodi na jina la wimbo huonekana katika eneokazi la GNOME. Niandike "Unganisha na dawati" au "Jumuisha kwenye eneokazi"?

JIBU: Nomino haina ugumu. Dawati ni meza ya kuandikia, na kompyuta ya mezani ni mashine yenyewe. Kile tunachokiona kwenye skrini baada ya kuiwasha ni eneokazi, kama ulivyoandika mwenyewe katika swali lako. GNOME na KDE Plasma, basi, ni mazingira ya eneokazi, yaani programu zinazotuonyesha eneokazi hilo katika Linux.

Kitenzi ndicho kinachohitaji uangalifu. Unga, ungana, unganisha: maana yake ni kufanya vitu vishikane, na kosa si maana hiyo, bali ni kwamba katika menyu za muziki kitenzi hicho kimekwisha kupewa kazi ya kuunganisha spika za bluetooth, kwa hiyo mtumiaji atakayekikuta tena hapa atatafuta kifaa kisichokuwapo. Kujumuisha nako ni kutia kitu ndani ya jumla, ilhali programu yako haiwi sehemu ya GNOME. Inabaki programu kamili, ila hupeana taarifa na eneokazi kwa utaratibu uitwao MPRIS, unaopitia D-Bus, njia ambayo programu za Linux hutumiana ujumbe. Ukibonyeza kitufe cha kusitisha, eneokazi huipelekea programu agizo hilo, nayo programu hulipatia eneokazi jina la wimbo, la msanii na picha ya albamu.

Uhusiano wa wawili wanaobaki wawili na bado wakaelewana una kitenzi chake katika Kiswahili: kutangamana. Majirani hutangamana bila kuhamia nyumba moja, na tunapozungumzia mtangamano wa Afrika Mashariki hatuna maana kwamba Kenya au Tanzania imefutwa. Wengine hupendelea kufungamanisha, lakini mimi ninakiona kikali mno kwa jambo hili, kwa kuwa ndani yake mna kufunga; ndiyo maana husemwa "nchi zisizofungamana na upande wowote". Programu inayofuata MPRIS haikufungwa kwa GNOME, kwani Plasma nayo inauelewa utaratibu huohuo.

Andika "Tangamanisha na eneokazi". Ikiwa neno hilo litaonekana geni kwa baadhi ya watumiaji, chini yake weka maelezo mafupi: "Ongoza muziki kwa vitufe vya kibodi na uone jina la wimbo kwenye skrini." Katika maelezo hayo usiandike "kitufe cha kucheza muziki", ingawa programu nyingi zimeandika hivyo, kwa sababu anayecheza muziki ni mtu aliyeinuka ukumbini kucheza dansi, ilhali redio, santuri na kompyuta hupiga muziki, na kitufe hicho ni cha kupiga na kusitisha wimbo.