Mungu Hakuijaza Ile Feri

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Baada ya msiba mkubwa, ni nini kilichokurudishia imani?" Nimesoma majibu mliyokwisha kuchapisha. Wengi wameandika juu ya wimbo, ndoto, au mahubiri yaliyowagusa. Sina ugomvi nao. Mimi nilirudishwa na maneno machache ya mzee aliyestaafu ukuli bandarini, na kabla yake, na jirani ambaye hakuwa Mkristo. Ila siwezi kusema kilichoirudisha imani yangu bila kusema kilichoiondoa. Kifo chenyewe hakikuiondoa. Waliiondoa waliokuja kutufariji.

Wa rika langu hapa Mombasa wanaikumbuka Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994. Pasaka ilikuwa imepita kama wiki nne. Asubuhi ile feri ya Mtongwe, huku kwetu Likoni, iling'oa nanga na watu 400 hivi, wengi wakiwahi kazini kisiwani, ilhali uwezo wake ulikuwa watu 300. Ikapinduka mita 40 hivi kutoka nchi kavu. Walikufa watu 272. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama, kibarua wa bandarini, alikuwa mmoja wao.

Alijua kuogelea, tena vizuri. Hilo lilimtesa baba kwa miaka. Mtu anayejua maji afe vipi mahali ambapo aliyesimama ufukweni anaona hata rangi ya shati lake? Kijana mmoja aliyenusurika alikuja kutueleza, na sitasahau alivyokuwa akiangalia sakafu alipokuwa akisema: kule majini kila mtu alishika alichokipata, na kilichokuwepo cha kushika kilikuwa watu.

Sisi ni Wataita. Baba aliteremka Pwani kutafuta kazi, akapanga Mtongwe, akatulea katika kanisa la Anglikana. Basi matanga yalipowekwa, wa kanisani wakaja, na maneno yao wakaja nayo. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Mungu amempenda zaidi." "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Wale waliosema hivyo walitupenda, najua, na baadhi yao walitembea kwa miguu kutoka mbali. Lakini nilikuwa msichana wa sekondari, nilisoma hesabu, na hesabu niliyoifanya ilikuwa rahisi: ikiwa hii ni kazi ya Mungu, na haina makosa, basi mimi na Mungu tumemalizana.

Mhubiri mmoja wa kupita, ambaye hakualikwa na mtu, alisimama uani na Biblia yake akatangaza kwamba Mombasa inaadhibiwa kwa uzinzi. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Akamshukuru. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo, na hakutoka tena siku ile.

Sasa huyo jirani. Alikuwa bi mkubwa wa Kidigo, nyumba yake na yetu zikitenganishwa na ua wa makuti. Siku ile ya kwanza, kabla hata hatujajua kama kaka yuko hai, alikuwa amekwisha kuingia jikoni kwetu na kumwondoa mama mekoni. Alituma wanawe wawili waende na baba, kwa sababu, alisema, mwanamume hapaswi kuzunguka peke yake akifunuliwa nyuso za maiti. Wageni wetu walipofika kutoka Taita, aliwalaza kwake, wanawake chumbani, wanaume barazani. Nguo zetu za shule akazifua yeye. Kila asubuhi lilikuja dele la kahawa na sinia ya mahamri, na hatukuwahi kujua nani aliyalipia. Mama alipogoma kula, bi mkubwa alimkalia mbele na bakuli la uji.

"Kunywa, mwanangu. Leo huna kazi nyingine."

Kuhusu Mungu sikumsikia akisema neno zaidi ya lile ambalo Waislamu wote husema wakipata habari ya kifo. Hakutueleza kitu. Nadhani ndiyo maana niliweza kukaa karibu naye. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, wakafanya vizuri mno. Mambo yaliharibika walipofungua vinywa.

Kaka tulimpeleka Taita. Aliyetusindikiza kutoka kanisani Mtongwe alikuwa mwinjilisti wetu, yule mzee niliyemtaja, aliyebeba magunia bandarini nusu ya maisha yake kabla ya kushika kitabu cha ibada. Kasisi wa kule nyumbani aliongoza mazishi, tukafika kwenye udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, na wazee wakasema yao. Mzee alipoombwa aseme kidogo kwa niaba ya wa Mombasa, alisema kidogo kweli:

"Nimefanya kazi ya vyombo. Najua chombo kikizidishiwa hufanya nini. Mungu hakuijaza ile feri. Iliyoijaza ni mikono ya watu. Sasa tumlilieni kijana wetu."

Akakaa. Palikuwa na minong'ono. Mjomba wangu mmoja alisema baadaye kwamba mazishini si mahali pa siasa. Lakini baba aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, na mimi nikalia, jambo ambalo nilikuwa nimelikataa kwa sababu niliona kulia ni kukubali.

Nilikuja kumuuliza mzee alilitoa wapi neno lile, akanifungulia Luka 13. Watu wanamletea Yesu habari za waliouawa, naye anawakumbusha ajali iliyotokea Yerusalemu: watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa mji. Anajijibu mwenyewe: sivyo. Ni kweli kwamba hapo hapo anawaambia wote watubu, na mzee hakunificha hilo. Lakini kwa wafu wale hakuwatafutia dhambi. Wala, na hili mzee alilikazia kwa kidole juu ya ukurasa, hakusema kwamba mnara uliangushwa na Baba yake.

Nimesikia mahubiri mengi ya Jumapili, ila sura hiyo naisikia mara chache. Labda kwa sababu inamnyima mhubiri jibu.

Nisifanye ionekane kwamba nilitoka hapo nikaingia kanisani mbio. Nilikaa muda mrefu bila kusali. Kilichonivuta polepole ni kwamba mzee hakuishia kwenye maneno ya kaburini. Baba hakuwa mtu wa ofisi. Barua ya kiserikali ilimtetemesha. Mzee alimchukua wakaenda kufuatilia fidia, bahasha ya nakala kwapani: cheti cha kifo, kitambulisho, barua ya chifu. Wakaambiwa faili haionekani. Wakarudi. Wakaambiwa mhusika yuko likizo. Wakarudi. Mzee alijifunza majina ya makarani na ya watoto wao. Wakati mwingine nilienda nao ili niandike, na njiani walizungumza mpira na bei ya dagaa. Huko kwenye benchi za kungojea ndiko nilikoanza tena kumwomba Mungu, na maombi yangu ya kwanza yalikuwa karani arudi kutoka chai.

Ndiyo maana huwa nakasirika kidogo mtu akisema "tuache kulaumu, tusali." Nani alikata tiketi zaidi ya nafasi, nani aliona chombo kimeinama akanyamaza: maswali hayo ni sehemu ya kumhurumia mfiwa. Ukimwambia mama kwamba mwanawe alikufa kwa mpango wa mbinguni, umemsamehe aliyezembea bila yeye kuombwa ruhusa, na umewaacha waliobaki wavuke kesho kwa chombo kile kile.

Mahali pa pili paliponifungukia ni Yohana 11. Kila mtu anaujua ule mstari mfupi, "Yesu akalia machozi." Mimi kilichonishika ni swali linalotangulia, kule Bethania. Hasemi kwanza jambo kubwa kaburini pa Lazaro. Anauliza, "Mmemweka wapi?" Wale waliozunguka Mombasa wiki ile ya 1994, hospitali hii na mochari ile, walikuwa wakiuliza swali hilo hilo mlango kwa mlango. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Mungu naye aliwahi kuuliza.

Niseme jambo moja la kando, ingawa naona si la kando sana. Ukienda Nyali kuna kaburi la mke wa mmisionari Krapf, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga. Walikufa Julai 1844, miezi michache tu tangu wafike Mombasa, na Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa. Mwezi uliotangulia alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji huu, Mwislamu. Kwa hiyo Ukristo tuliourithi sisi wa huku ulianzia kwenye nyumba yenye msiba, na jirani Mwislamu yumo ndani tangu ukurasa wa kwanza. Krapf aliwaandikia wenzake Ulaya kwamba kaburi lile ni dalili ya kazi kuanza, kwamba ushindi wa kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Namheshimu, lakini hapo naona aliharakisha. Ningependa kumsoma akisema tu kwamba amefiwa.

Miaka ishirini baada ya Mtongwe tulijaribiwa upya. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja hapa Likoni ibada ikiendelea, wakafyatua risasi. Watu sita walipoteza maisha. Mtoto mdogo ambaye mama yake aliuawa alibaki na risasi kichwani, akapelekwa Nairobi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, madaktari wakaitoa. Halikuwa kanisa letu, lakini Likoni si kubwa, na siku zile kila mwenye kanzu alitazamwa kwa jicho la pembeni. Vijana wetu walisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Bi mkubwa alikuwa amekwisha kufariki. Jioni ile binti yake alikuja kwetu. Mtu ambaye maisha yake yote aliingia kwetu kwa mlango wa jikoni, akifunua sufuria kuona kilichopikwa, alisimama nje akapiga hodi.

"Mama, sijui kama leo mwataka kuniona."

Mama hakumjibu. Alimshika mkono akamvuta ndani, wakaketi mkekani, wakalia kwa ajili ya watu ambao hawakuwajua.

Kanisani kwetu lilizuka pendekezo kwamba akina mama waende kuwatembelea majirani Waislamu, ili wajue hatuwahesabu kuwa maadui. Walikwenda wachache. Wengine walikataa kabisa, na mmoja wao alikuwa na ndugu aliyejeruhiwa. Sikuwalaumu, na hapa nitatofautiana na wachungaji kadhaa ninaowapenda. Nimeona mfiwa akisimamishwa mbele ya kipaza sauti, jeneza halijateremshwa, aulizwe kama amesamehe. Ajibu nini mbele ya umati ule? Biblia yangu inaniagiza, katika Warumi 12, kulia pamoja nao waliao. Kuwapigia saa sijaona imeandikwa wapi. Yule mama mwenye ndugu aliyejeruhiwa alikuja kwenda kwa jirani yake, kwa wakati wake, bila mpiga picha. Najua kwa kuwa nilimkuta huko akimenya vitunguu vya arusi.

Mmoja wa wasomaji wenu ameandika kwamba msiba huchuja, imani ya kweli hubaki na ya bandia huanguka. Sikubali. Yangu ilianguka na sidhani ilikuwa ya bandia. Ilikuwa ya kitoto, ikaangushiwa mzigo mzito, na ikahitaji watu wazima waje wauinue. Waliokuja kwangu walikuwa wawili. Najiuliza kuhusu wale ambao hakuja mtu.

Siku hizi kukitokea kifo mtaani, huwa siulizwi tena kuongoza maombi, maana wanajua nitauliza kwanza maji yapo wapi na nani anaenda na mfiwa kuchukua kibali cha mazishi. Watoto wangu wananitania kwa hilo.

Na nisiwafiche wasomaji jambo moja. Mama, ambaye bado yu hai na huhudhuria ibada kuliko mimi, hakubaliani na haya niliyoyaandika. Nimemsomea barua hii kabla ya kuituma. Amesikiliza yote, akacheka pale pa karani na chai. Kisha akasema yeye anaamini siku ya mwanawe ilikuwa imefika, kwamba Mungu ndiye aliyeipanga, na kwamba asingeamini hivyo asingeweza kulala hata usiku mmoja tangu 1994. Nikamuuliza kama angependa niongeze hayo. Akasema niongeze, na niseme pia kwamba feri ilijazwa mno.