Maswali ya Wasomaji: Uchumi Unapodorora, Nani Hupoteza Kazi na Nani Hurudi Kwanza?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uchumi hapa Dodoma na ninaandaa tasnifu kuhusu mdororo ulioikumba Marekani kuanzia mwaka 2007. Baadhi ya maandishi niliyosoma yanasema ulikuwa mdororo wa wanaume, kwa kuwa wao ndio waliopoteza kazi kwa wingi. Mengine yanasema walioumia ni wanawake, kwa sababu hata uchumi ulipoanza kuinuka wao waliendelea kuachishwa kazi. Nishike lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kauli zote mbili ni za kweli, ila kila moja inahusu kipindi chake, na tasnifu yako itaharibika ukizichanganya. Mdororo ule ulianza rasmi Desemba 2007 na ukamalizika Juni 2009. Katika kipindi hicho zilipotea ajira zipatazo milioni 7.5, na kati ya hizo milioni 5.4 zilikuwa za wanaume na milioni 2.1 za wanawake. Hesabu hiyo ilichapishwa Julai 2011 na kituo cha utafiti cha Pew, ambacho kilitazama pia karibu miaka miwili iliyofuata: kuanzia Juni 2009 hadi Mei 2011 wanaume walipata ajira 768,000, huku wanawake wakipoteza nyingine 218,000.

Sababu ya hali ya kwanza haina utata. Msukosuko ulianzia kwenye mikopo ya nyumba, kwa hiyo ujenzi ndio uliosimama mwanzo, na viwanda vikafuata watu walipoacha kununua magari, samani na vifaa vya nyumbani. Ujenzi peke yake ulipoteza ajira takriban milioni 1.5, na viwanda vikapoteza takriban milioni 2. Katika ujenzi wa Marekani wanawake hawafiki hata mmoja kati ya wafanyakazi saba, na viwandani walikuwa chini ya theluthi moja. Wakati huohuo hospitali, zahanati na nyumba za kutunzia wazee ziliendelea kuajiri katikati ya mdororo, na katika huduma za afya na elimu takriban robo tatu ya wafanyakazi ni wanawake. Kwa maneno mengine, haikuwa kwamba waajiri walikaa wakaamua kuwafukuza wanaume na kuwabakiza wanawake. Shoka liliangukia mahali ambapo wanaume walikuwa wamejazana.

Hali ya pili ndiyo inayostahili kurasa nyingi zaidi katika tasnifu yako, kwa sababu wengi huipita haraka. Tofauti na serikali kuu, karibu majimbo yote ya Marekani yanabanwa na sheria zao wenyewe yasipange bajeti yenye nakisi. Jimbo likikusanya kidogo, halina budi kutumia kidogo. Sasa fuatilia mlolongo wake: bei za nyumba zinaanguka, na baada ya muda, nyumba zinapothaminiwa upya, kodi ya majengo inayoendesha shule za eneo husika inashuka, watu wasio na kazi hawalipi kodi ya mapato, na wakipunguza manunuzi, kodi ya mauzo nayo inapungua. Hayo yote hayatokei siku mdororo unapoanza. Mwaka wa fedha wa majimbo mengi huanza tarehe 1 Julai, hivyo maumivu ya mwaka mmoja huonekana kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Isitoshe, sheria ya kuchochea uchumi iliyopitishwa Februari 2009 iliweka mfuko wa dola bilioni 53.6 wa kuyasaidia majimbo, hasa katika elimu, na fedha hizo ziliahirisha kazi ya kupunguza watumishi. Zilipokwisha, mwaka 2010 na 2011, walimu, wahudumu wa maktaba na makarani wa halmashauri wakaanza kupewa barua. Takriban robo tatu ya walimu wa shule za umma za Marekani ni wanawake, na katika utumishi wa serikali za majimbo na za mitaa kwa jumla wao ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo wanawake wengi walipoteza kazi wakati magazeti yalikuwa yameshatangaza kwamba mdororo umekwisha.

Katika mjadala wa sheria hiyohiyo, watu waliuliza mapema kama fedha za barabara na madaraja zingewanufaisha wanaume tu. Christina Romer na Jared Bernstein, waliokuwa washauri wa uchumi wa Barack Obama, walikadiria Januari 2009 kwamba asilimia 42 ya ajira ambazo zingetokana na mpango huo zingekwenda kwa wanawake. Binafsi naona lilikuwa swali la haki kabisa, na ingefaa kila serikali iulizwe hivyo kabla haijapitisha mpango wa kufufua uchumi.

Nakuomba uwe mwangalifu katika mambo mawili. Kwanza, zile ajira 768,000 walizopata wanaume ni takriban sehemu moja tu ya saba ya milioni 5.4 walizokuwa wamepoteza. Kusema kwamba wanaume “walifaidika” na kuinuka kwa uchumi ni kusahau kina cha shimo walimokuwa. Wanawake waliirudia idadi yao ya kabla ya mdororo mwaka 2013, na wanaume wakasubiri hadi 2014. Pili, mgawanyo wa sekta hauelezi kila kitu. Katika biashara ya rejareja na viwandani, baada ya Juni 2009, wanaume waliongezeka ilhali wanawake walipungua ndani ya sekta ileile. Hapo huwezi kusingizia ujenzi wala bajeti ya jimbo. Ni lazima uchunguze nani aliitwa kwenye usaili, nani alikubali mshahara gani, na kazi zipi ndani ya duka zilifutwa moja kwa moja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa. Nimekuwa nikiwaambia binti zangu kwamba ualimu, uuguzi na kazi za hoteli ni salama zaidi kuliko kazi za viwandani, kwa sababu hazitikiswi na hali ya uchumi. Je, nimewashauri vyema?

JIBU: Mama yetu, ushauri wako ungeonekana kuwa sahihi kabisa mwaka 2009. Mwaka 2020 ulileta picha tofauti. Safari hii kilichofunga milango kilikuwa ugonjwa wa UVIKO-19, na ulizifunga zile shughuli ambazo mtu humhudumia mwenzake ana kwa ana: hoteli, migahawa, saluni, maduka ya nguo, vituo vya kulelea watoto. Huko Marekani, mwezi Aprili 2020 pekee, ajira zaidi ya milioni 20 zilitoweka, na zaidi ya milioni 7 kati ya hizo zilikuwa za hoteli, migahawa na burudani. Kiwango cha ukosefu wa ajira mwezi huo kilitangazwa kuwa asilimia 15.5 kwa wanawake watu wazima na 13.0 kwa wanaume. Hata sekta ya afya, ambayo haikutetereka mwaka 2008, ilipunguza watu, kwa kuwa kliniki za meno na matibabu yasiyo ya dharura yalisitishwa.

Jambo ambalo nadhani utalielewa kuliko mimi ni la shule. Shule zilipofungwa, mtu mmoja nyumbani alilazimika kukaa na watoto, na mara nyingi alikuwa mama. Katika takwimu za Marekani, mtu huhesabiwa kuwa hana ajira ikiwa ametafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita au anangoja kuitwa tena na mwajiri wake. Mama aliyeacha kazi ili kulea, na hatafuti nyingine, haonekani katika kiwango hicho. Anahesabiwa kuwa yuko nje ya soko la ajira, na kwa hiyo kiwango kinaweza kushuka ilhali hali yake haijabadilika hata kidogo. Kwa dunia nzima, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria Julai 2021 kwamba idadi ya wanaume walio kazini ingekuwa imerudi mwaka huo kwenye kiwango cha 2019, lakini wanawake wangekuwa bado pungufu kwa milioni 13.

Kwetu tuliliona hilo kwa macho. Machi 2020 mnada wa maua wa Uholanzi ulipoporomoka, mashamba ya Naivasha yaliwarudisha nyumbani maelfu ya wafanyakazi, na wengi wa wanaochuma, kupanga na kufunga maua hayo ni wanawake. Kwa hiyo, mama, waache binti zako wachague kazi wanayoiweza na kuipenda, ila kila mmoja awe na ujuzi wa pili ulio katika sekta nyingine. Na kama ndani ya nyumba wapo watu wawili wanaopata kipato, ni afadhali wasitegemee sekta moja.

SWALI: Ndugu Mhariri, takwimu hizi za Marekani ni nzuri, lakini hapa Morogoro mke wangu anauza chakula kando ya barabara na mimi ni fundi wa kupaka rangi. Sisi hakuna anayetupa barua ya kutuachisha kazi. Mdororo kwetu utaonekana wapi?

JIBU: Ndugu yangu, utaonekana kwenye saa za kazi na kwenye pato. Hata huko Marekani, hesabu kuu ya ajira ya kila mwezi, ambayo hukusanywa kutoka kwa waajiri, haiwajumuishi waliojiajiri wala wafanyakazi wa majumbani. Hapa kwetu hao waliojiajiri ndio walio wengi. Mambo yakiwa magumu, mama lishe hafukuzwi kazi: huivisha kilo mbili za mchele badala ya nne, humkopesha mteja asiyelipa hadi mwisho wa mwezi, na jioni hurudi na pesa ambayo haitoshi kununua mkaa wa kesho. Katika utafiti wa nguvu kazi yeye bado ni mtu mwenye kazi. Wewe nawe, ukipata nyumba moja ya kupaka rangi kwa mwezi badala ya tatu, unaandikwa vivyo hivyo.

Ndiyo maana ukisoma ripoti ya Utafiti wa Nguvu Kazi wa Tanzania, ambayo toleo lake la 2020/21 linapatikana, usiishie kwenye jedwali la ukosefu wa ajira. Tafuta yale ya saa za kazi kwa wiki na ya kipato, uyasome kwa jinsia na kwa sekta, kisha uyaweke kando ya toleo la 2014.