Maswali na Majibu: Helikopta ya Rimoti Inayopoteza Mawasiliano Hewani

SWALI: Nina helikopta ya rimoti ya umeme, ukubwa wa 450, inayotumia betri ya lithiamu ya seli 3. Baada ya kuanguka nilibadilisha servo zote nne (mota ndogo zinazogeuza mapanga kufuata fimbo za rimoti) nikaweka za dijitali. Ikiwa chini, risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) inashika vizuri na taa yake haikatiki. Nikiirusha na kusukuma fimbo kwa ghafla, helikopta inaacha kunitii kwa sekunde mbili hivi, kisha inarudi. Nikiishusha naikuta taa ya risiva inapepesa. Fundi mmoja ameniambia antena ni fupi mno, anataka kuiunga kwa waya wa sentimita 30. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, na kama ameshaikata antena hiyo, badilisha antena au risiva nzima kabla ya kuirusha tena. Swali lako ni la namna ninayoletewa mara kwa mara, na karibu kila anayeleta ameshaambiwa jambo hilohilo la antena fupi.

Imani hiyo ina asili yake. Rimoti za zamani zilitumia masafa ya megahezi 35 huko Ulaya na megahezi 72 kule Marekani, na risiva zake zilikuwa na waya mwembamba wa karibu mita 1 uliopitishwa hadi kwenye mkia. Wakati ule, aliyeukata waya huo ili upendeze alipoteza mawasiliano kweli. Rimoti yako ya leo inafanya kazi kwenye gigahezi 2.4, ambako wimbi moja lina urefu wa sentimita 12.5 tu, na antena inayohitajika ni robo ya wimbi hilo, yaani milimita 31 na ushei. Itazame antena yako kwa karibu: sehemu kubwa ya ule waya mweusi imevishwa wavu wa chuma kwa ndani, na kazi yake ni kupitisha mawimbi tu, wala haiyapokei. Kinachopokea ni kile kipande chembamba cha mwisho kisicho na wavu. Ukiunganisha waya wa sentimita 30 hapo huongezi uwezo wowote wa kusikia, bali unaiondoa antena kwenye kipimo ilichotengenezewa, na sasa unakuwa na tatizo la pili juu ya lile la kwanza ambalo halijaguswa.

Tatizo la kwanza ni umeme, na wewe mwenyewe umelieleza bila kujua. Helikopta inakata unaposukuma fimbo kwa ghafla, hata ikiwa karibu nawe, na haikati ikiwa imetulia. Mawimbi ya redio hayajui kama umesukuma fimbo taratibu au kwa nguvu. Servo ndizo zinazojua, kwa kuwa ndipo zote zinapovuta umeme kwa mkupuo. Servo za dijitali huvuta zaidi ya zile za kawaida, na umeme wa zote nne, pamoja na wa risiva na jairo (kifaa kinachoutuliza mkia), unatoka kwenye saketi ndogo iliyomo ndani ya kidhibiti kasi cha mota, ambayo kazi yake ni kuishusha volteji ya betri hadi volti 5 au 6. Volteji ikiporomoka hata kwa muda mfupi sana, risiva inazimika na kuwaka upya, na sekunde mbili ulizozihesabu ni muda wake wa kuitafuta rimoti tena. Hata taa inayopepesa ni ushahidi: risiva kadhaa, zikiwemo nyingi za kampuni ya Spektrum, hupepesa hivyo kumjulisha mwenyewe kwamba umeme ulikatika zikiwa kazini.

Saketi hizo za kushusha umeme ni za aina mbili, na zile za bei nafuu hushusha volteji kwa kuigeuza kuwa joto. Betri yako ikiwa imejaa ina volti 12.6, ili kupata volti 5 ni lazima volti 7.6 zichomwe, na servo zikivuta ampea 2 hilo ni joto la wati 15, sawa na pasi ndogo ya kulehemu iliyofungiwa ndani ya kidhibiti kasi chako. Kwa hiyo usishangae ikikubali dakika mbili za kwanza halafu ianze kusumbua.

Kabla hujanunua chochote, thibitisha. Ng'oa mapanga yote, ya juu na ya mkiani, kisha chomoa nyaya za mota. Kwanza zungusha fimbo zote kwa kasi risiva ikitumia umeme wa kidhibiti kasi kama kawaida, huku ukiizuia kidogo kwa vidole ile sahani inayoelekeza mapanga, uone kama inakata. Kwenye plagi inayotoka kwenye kidhibiti kasi kwenda kwenye risiva, toa waya mwekundu peke yake na uufunge kwa utepe ili usiguse kitu, ukiuacha mweusi na ule unaopeleka amri za risiva. Ipe risiva umeme wake kutoka kwenye pakiti ya seli nne za nikeli za kuchaji, yenye volti 4.8 na nguvu ya kutosha. Betri kavu za redio hazifai, zitaporomoka zenyewe. Sasa rudia jaribio lilelile la fimbo na sahani. Ikiwa kosa lililojitokeza mwanzo halitokei tena, mchawi umempata. Multimita ya kawaida isikudanganye hapa, kwani mporomoko wenyewe ni mfupi kuliko kasi ya kioo chake kusoma.

Tiba ni kifaa huru cha kushusha umeme, cha aina isiyochoma joto, chenye uwezo wa ampea 5 au zaidi, na waya mwekundu wa kidhibiti kasi ubaki umetolewa ili vyanzo viwili visigombane. Soma kwanza kiwango cha servo zako, hasa ya mkia, maana baadhi huungua zikipewa zaidi ya volti 6. Ile kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo kwa muda mfupi) inayochomekwa kwenye mlango ulio wazi wa risiva husaidia kulainisha umeme, lakini haiwezi kuziba pengo la chanzo dhaifu, na anayekuuzia kama dawa kamili anakupotosha.

Plagi nazo zikague moja moja. Niliwahi kuletewa helikopta iliyokuwa imepita kwa mafundi watatu, kila mmoja akiwa ameongeza kipande chake cha waya kwenye antena hadi ikazungushwa kwenye bomba la mkia. Nilipoivuta plagi ya servo ya mkia niliona pini moja imerudi nyuma ndani ya plastiki kwa milimita 2; ilikuwa inagusa tu, na kila mtikisiko uliiachanisha. Pini ile ilirudishwa mahali pake kwa sindano. Antena ilikuwa imeshaharibiwa kabisa, na mwenyewe alilipia risiva mpya kwa kosa ambalo halikuwa la risiva.

Ikiwa mkia wa helikopta yako unaendeshwa kwa mkanda, jua pia kwamba mkanda ukisugua huzalisha umeme tuli, ambao hurukia saketi na kuivuruga risiva. Unganisha bomba la mkia na kishikizo cha mota kwa waya mwembamba. Ncha za antena, kama ziko mbili, zielekeze kwa pembe ya nyuzi 90 na uziweke nje ya fremu ya kaboni, kwa sababu kaboni huzuia mawimbi.

Ninalolisisitiza kwa kila mwenye helikopta kama hizi, na linalonikasirisha kuhusu mafundi vishoka, ni kwamba wanamrudishia mtu chombo bila kupima kitakachotokea mawasiliano yakikatika. Mapanga ya 450 hufagia duara la karibu sentimita 70, na kwa mizunguko 2,500 kwa dakika ncha zake hukata hewa kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Si kitu cha kujaribia uwanjani penye watoto. Mpangilio wa dharura lazima uizime mota, nao waweza kubadilika kila unapoioanisha risiva upya na rimoti. Ukiwa bado na ile pakiti ya nikeli mezani, chomoa plagi ya kidhibiti kasi, chomeka servo ya akiba kwenye mlango huo, pandisha fimbo ya mota hadi katikati, kisha zima rimoti. Servo ikibaki pale ilipo au ikipanda, usiirudishie mota nyaya zake mpaka urekebishe mpangilio huo na kuona servo inarudi hadi mwisho wa chini.