Manjano na ugonjwa wa mama: usimwachishe dawa

Dada yangu, pole kwa kumuuguza mama. Umeuliza kama vidonge vya manjano vinaweza kushika nafasi ya dawa zake za Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, kwa kuwa jirani kakwambia vinalinda seli za neva. Hapana, tafadhali usimwachishe dawa.

Jirani hakubuni. Manjano yana kemikali iitwayo kurkumini, na katika maabara imeonekana kupunguza uvimbe na sumu zinazoshambulia seli za neva. Shida ni kufika kwenye ubongo. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu, nayo hufyonzwa kidogo sana tumboni, kisha ini huivunja upesi. Ndiyo maana vidonge vingi huongezwa piperini, ile ya pilipili manga. Hata hivyo, wagonjwa wa Alzheimer waliopewa kurkumini kwa wiki 24 huko Marekani hawakuonyesha nafuu.

Sidharau mimea hata kidogo. Galantamini, dawa ya Alzheimer iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, asili yake ni maua ya Galanthus. Lakini hiyo imepimwa na dozi yake inajulikana.

Manjano ya kwenye mchuzi mama aendelee kula. Vidonge ndivyo vinanitia hofu, hasa kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana anaweza kuvuja damu. Vingine, hususan vyenye piperini, vimewahi kuumiza ini. Mwonyeshe daktari kopo lenyewe kabla mama hajameza hata kimoja. Kama ameshaanza, mwangalie macho na mkojo: macho yakigeuka njano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acheni vidonge na mwende hospitali siku hiyohiyo.